Chati Iliyobanduliwa Ukutani

…labda ni huyu mmoja tu, mwalimu akajiambia, huyu kichwa maji wa dirishani anayeandika hata jina lake huku akipiga miayo, labda yeye ndiye aliyezigeuza nyakati za vitenzi vya Kilatini, maana ukichungulia karatasi ya mtihani kwa kupita hivi, mikono nyuma, macho yakijifanya hayaoni, unaweza kukosea, lakini hapana, laudatus eram, na mbele yake, nitakuwa nimesifiwa, chini yake laudatus ero, nilikuwa nimesifiwa, ya jana imepelekwa kesho na ya kesho imerudishwa jana, kwa mwandiko safi, bila wasiwasi wowote, na dawati la pili vilevile, na la tatu, Mungu wangu, hata la nne… "Mwalimu, usisimame hapo," akasema msimamizi wa kutoka nje bila kuinua kichwa, "wewe ni karatasi za ziada tu," naam, karatasi za ziada, ndiyo kazi aliyopewa leo, kugawa karatasi na kufunga mdomo, akasogea, macho yakamkimbilia ukutani pale ilipokuwa chati yake ya Kilatini, sasa pamebaki mraba mweupe na matundu manne ya pini, aliibandua mwenyewe jana akaikunja bila kuisoma, na hata angeisoma ingesaidia nini, wiki tatu nzima wameiimba kila asubuhi, wote tisa kwa sauti moja, kitenzi kwanza, kisaidizi nyuma yake, naye ameketi ameshika tama, anasikia sauti hasikii maneno… na chati yenyewe aliiandikia wapi, kwenye benchi la hospitali, ameitandaza magotini, mkewe ndani nyuma ya pazia la kijani, muuguzi akapita akamwambia, "Usijali, baba, kufikia Ijumaa atakuwa amepona," atakuwa amepona, akayang'ang'ania maneno hayo, akayarudia huku kalamu ikitembea, na kisaidizi cha kesho, ero, kikaangukia safu ya jana, eram ikaenda ya kesho, na Ijumaa ilipofika mkewe alikuwa ameshazikwa, Jumatatu akarudi darasani, hakulia, akaipachika chati, akasema, imbeni… na si kwamba hakuambiwa, hapo ndipo roho inapomuuma, aliambiwa, mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, anayelala chumba cha pili nyumbani kwake, alinyoosha mkono akasema taratibu, "Mwalimu, kitabu kinasema kinyume," naye akafoka, yeye asiyefoka, "Basi nenda ukafundishwe na hicho kitabu!" darasa likacheka, binti akaketi… swali hili la tatu lina alama arobaini, chuo kinataka sabini kati ya mia, na mtihani huu haurudiwi, somo lenyewe linafutwa mwaka huu, hawa tisa ndio wa mwisho, ataliandikia baraza la mitihani barua, leo hii ataandika, na watamjibu nini, kwamba wanasikitika, kwamba msahihishaji husahihisha kilichoandikwa, na watamfukuza kazi, wamfukuze, hilo halimrudishii mtu hata alama moja… lakini mpwa wake ana kitabu, yule anajua, huenda yule akapona, mmoja tu, mmoja anatosha, na hapo hapo mkono ukanyooka nyuma ya darasa, ni yeye, "Karatasi, mwalimu," akaenda, akaweka karatasi mezani na macho yakashuka yenyewe, swali la tatu, alikuwa ameandika sawa, laudatus eram, nilikuwa nimesifiwa, sawa kabisa, kisha akakata kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, vile alivyowafundisha yeye kukata kosa, na juu yake, kwa herufi ndogo za adabu, ameandika tafsiri ya mwalimu, nitakuwa nimesifiwa… binti akaivuta karatasi mpya, akamtazama mtu aliyefiwa na mke, akanong'ona, "Asante, mjomba," shuleni hajawahi kumwita hivyo, akatabasamu, akainama tena kuandika, "Zimebaki dakika ishirini," akasema msimamizi, na mwalimu akarudi kusimama chini ya matundu manne, kalamu tisa zikikwaruza, hakuna tena Ijumaa ya kungojea, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi machozi yakaja, yakashuka tu, maana mikono yote miwili ilikuwa imejaa karatasi.