Jibu la Swali la Nne

Msanifu hakuwahi kukaa kitini dakika kumi bila kutikisa mguu, na huyo ndiye aliyepewa kazi ya kusanifu programu ya kuwatuliza wenzake. Programu yenyewe waliiita Tulia. Ilikuwa ya simu, ya kutafutia mchumba, lakini si kama zile za kupangusa picha kwa kidole, huyu simtaki, huyu mfupi, huyu ana gari. La. Kwenye Tulia picha haionekani mpaka siku ya saba. Unapewa mtu mmoja tu kwa wakati, na badala ya sura yake unasoma majibu yake kwa maswali matano. Ukimpenda, unamwandikia. Usipompenda, unamuaga kwa sentensi nzima, ya adabu, siyo kuyeyuka tu kama hukuwahi kuzaliwa.

Maswali yote matano aliyatunga Msanifu mwenyewe, miezi minane, katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la matairi. Rangi alichagua yeye, ukubwa wa herufi yeye, mpaka kile kimlio cha ujumbe kilichowachosha wote. Siku ya Ijumaa programu ilipelekwa kwa watu thelathini na mmoja waliokubali kuijaribu. Jumamosi na Jumapili Msanifu hakula vizuri. Alizunguka ndani ya nyumba, akafungua jokofu, akalifunga, mpaka mumewe akamwambia, "Mke wangu, hebu kaa, unanitia kizunguzungu."

Jumatatu asubuhi hajaweka hata mkoba chini, Mkubwa akamdaka mlangoni. Mkubwa ndiye mwenye kampuni. Alikuwa ameachwa mara mbili, na hakuacha kumpa ushauri wa ndoa yeyote aliyesimama karibu naye.

"Njoo uone maajabu!" alisema. "Swali la nne! Swali la nne, dada, umetupatia!"

Swali la nne lilikuwa hili: Ni jambo gani hujawahi kuwaambia watu wa kwenu?

"Wanaume kumi na wawili," Mkubwa alisema, akigonga kioo cha kompyuta kwa kucha, "wamejibu jibu moja! Neno kwa neno! Wamenakili ule mfano wako ulioweka pale chini kwa herufi hafifu. Wavivu wakubwa. Lakini tazama wanawake wanavyolisoma. Dakika nne. Dakika sita. Mmoja amekaa nalo dakika arobaini! Nani siku hizi anasoma kitu chochote dakika arobaini?"

Akalisoma kwa sauti, ofisi nzima ikasikia:

"Siku baba yangu anafariki nilikuwa nimeshafika hospitali. Nilikaa kwenye gari saa nzima, mfuko wa machungwa mapajani, nikisikiliza mpira redioni. Niliogopa kupanda. Nilipopanda, yalikuwa yamekwisha. Nikawaambia ndugu zangu barabara ilifungwa."

Watu wakaguna. Msichana wa mapokezi akajifuta jicho. "Umelitoa wapi hili?" Mkubwa akauliza.

"Nilitunga," Msanifu akasema, na mguu ukaanza.

Alitunga wapi! Maneno yalikuwa ya mumewe. Mwaka jana, Jumamosi moja asubuhi, alimuuliza kwa nini hali machungwa, akitarajia kuambiwa habari za tumbo. Mumewe, fundi wa lifti, mtu wa maneno matatu kwa siku, akakaa chini sakafuni na kumwambia yote. Kisha akamshika mkono akasema, "Dada asijue. Yeye ndiye aliyekuwa na baba. Atanidharau mpaka kaburini." Msanifu akala kiapo.

Sasa, kwa watu wa kazi ile, kisanduku cha kuandikia hakikai kitupu. Lazima uweke maneno ya mfano, uone mistari inavyokaa, na mtumiaji aone jibu la maana linafananaje. Kwa maswali mengine alibuni. Kwa la nne kila alichobuni kilinuka uongo. Alhamisi, saa saba na nusu, wenzake wametoka kula, vidole vikaandika maneno ya mumewe. Ni kwa kupimia tu, alijiambia, nitayafuta.

"Huyu wa dakika arobaini ni nani?" aliuliza.

Mkubwa akasogeza orodha. Namba kumi na saba. Na namba kumi na saba alimwandikisha Msanifu mwenyewe, kwa mkono wake, kwa mbwembwe, hata majibu akamwandikia yeye, baada ya kumbembeleza wiki mbili: wifi yake. Dada mkubwa wa mumewe, fundi cherehani, mjane, mtu aliyesema wanaume wa kwenye simu wote ni matapeli, lakini kwa sababu ni wewe wifi yangu, haya, niandike.

Msanifu akasogelea kompyuta. Alifungua ukurasa wa namba kumi na saba. Ijumaa wifi alipewa mtu wa kwanza, muuza viatu, akasoma jibu lake la nne dakika mbili, akamuaga. Jumapili akapewa wa pili, mwalimu wa hesabu. Jibu lile lile, machungwa yale yale. Hapo ndipo alipokaa dakika arobaini. Hakumwandikia mwalimu hata herufi.

"Tulitoe," Msanifu alisema.

"Tutoe nini? Hilo ndilo tutakalofungulia uzinduzi!"

"Mkubwa, ni la mume wangu. Ni kweli. Ni baba mkwe wangu huyo."

Mkubwa akashika kidevu. Kisha akasema, "Lakini jina lake halipo. Na hao kumi na wawili wameshaliandika, ni lao sasa, utawanyang'anyaje?"

Msanifu akageukia kompyuta. Aliinama akafuta ule mfano kwa vidole vyake mwenyewe, kisanduku kikabaki kitupu, akachukua mkoba. Kwenye ngazi simu ikalia kile kimlio chake. Ujumbe wa wifi, mfupi: "Wifi, mdogo wangu anafanya kazi wapi leo?"

Msanifu aliufunga. Alimpigia mumewe, simu imezimwa. Akiwa ndani ya shimo la lifti huizima siku zote, asije akashtuka akaangusha spana. Msanifu akapiga tena, akijua imezimwa, akapiga tena. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: amwambie yeye, kabla hajaambiwa na dadake. Alitembea nusu ya njia na nusu nyingine akakimbia, viatu vya ofisini vikimkata visigino.

Jengo lilikuwa la ofisi za bima, ghorofa saba, na lifti, bila shaka, ilikuwa mbovu. Ndiyo maana mumewe alikuwa huko. Ghorofa ya nne alisimama ukutani akitafuta pumzi na maneno. Pumzi ilirudi.

Alimkuta kwenye chumba cha mashine, amepiga magoti, mikono myeusi kwa grisi.

"Kuna nini? Mama mzima?" mumewe akauliza mara tu alipomwona.

"Mama mzima. Wote wazima." Kisha akayamwaga yote, haraka haraka, kisanduku, mfano, wanaume kumi na wawili, muuza viatu, mwalimu, wifi. "Nilisahau kulitoa," akamalizia.

Mumewe alikuwa anafuta kidole kimoja kimoja kwa kitambaa. Alifuta mpaka kitambaa kikawa kinarudisha grisi.

"Wangapi wamelisoma?"

"Thelathini na mmoja. Na ofisini."

"Ulisahau."

Angeweza kuachia hapo. Neno lenyewe lilikuwa limeshatoka, na mumewe alikuwa mtu wa kuamini. Lakini uso ule, uliotulia hivyo, ulimshinda.

"Sikusahau," alisema. "Ijumaa asubuhi niliona bado lipo. Nililiacha kwa sababu lilikuwa zuri."

"Lilikuwa zuri," mumewe akarudia. Hakupandisha sauti. Msanifu alitamani angempigia kelele, angetupa spana, lolote. "Nilikuwa nimeshaanza kujipanga, unajua? Mwezi ujao inatimia miaka sita tangu baba afariki. Nilisema nitakwenda kwa dada, nitamwambia mwenyewe. Nilishafanya mazoezi humu ndani, naongea na mashine."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hukuniuliza."

Akawasha simu. Ikapiga mlio mara tatu, mfululizo: dada, dada, dada. Akaitazama, akavaa koti lake la kazi, akaanza kushuka ngazi. Msanifu akamfuata hatua mbili nyuma, kama mtoto aliyevunja chombo. Kwenye gari la mumewe Msanifu alikaza mguu kwa mikono yote miwili usitikisike.

Wifi alikaa ghorofa ya tatu, juu ya mtaa wa maduka ya vitambaa, na cherehani yake ilikuwa dirishani apate mwanga. Mumewe akaegesha upande wa pili wa barabara.

"Wewe kaa humu," alisema.

Akavuka barabara. Mlangoni alisimama, akashika fremu, na kwa muda Msanifu alidhani atarudi. Hakurudi. Akajikaza, akaingia.

Kukaa ndiyo kazi. Msanifu alifungua mlango wa gari, akaufunga. Akafungua redio, akakutana na kelele za mpira, akaizima. Robo saa. Nusu saa. Akatazama dirisha la juu: cherehani, pazia, hakuna mtu. Aliwaza wanamsema, kisha akawaza mabaya zaidi, kwamba hawamsemi kabisa. Kuondoka hawezi, kupanda anaogopa, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu asimuliwe habari ile, akajua saa moja garini ina urefu gani. Alikuwa ameiandika, ameipimia mistari, amechagua rangi ya herufi zake, na hakuwa ameijua.

Simu ikaita.

"Wifi."

"Abee, wifi."

"Hilo gari ninaliona."

Msanifu akainua macho. Wifi alikuwa dirishani, utepe wa kupimia shingoni, simu sikioni.

"Na siku ile ya baba nililiona," wifi akasema. "Kitanda cha baba kilikuwa dirishani. Tuliliona likiingia, mimi na yeye. Baba akasema, yule pale, shuka umfuate mwanangu, anaogopa. Mimi nikasema hapana, apande mwenyewe, yeye nani? Nilikuwa na hasira, wifi. Siku nne sijalala. Saa nzima nilisimama namwangalia, na baba ananiambia nenda, na mimi siendi." Akavuta utepe shingoni. "Miaka sita namsubiri aniambie lake, ili na mimi nipate pa kuanzia kumwambia langu. Kila sikukuu nilimwekea machungwa mezani. Hakugusa."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amekaa jikoni, analia hadi kwikwi. Mimi pia nimelia, tazama nilivyovimba."

"Nisamehe, wifi."

"Sijakusamehe. Nina hasira na wewe sijui niiweke wapi. Maneno ya mdogo wangu kuja kuyasoma kwa muuza viatu! Ningeyasikia kwake, wifi. Yalikuwa yangu kuyasikia."

"Najua." Kisha, kwa shida: "Yeye anasemaje?"

"Anasema ukae humo humo garini."

"Basi nitakaa," akasema. "Mpaka atakaponiita. Nitakaa."

Msanifu aliita, wifi, wifi, akadhani simu imekatika. Akatazama juu. Pazia lilikuwa linacheza, na dirishani hapakuwa na mtu. Kwenye simu, iliyokuwa bado hewani, kulisikika sauti ya mwanamume ikiuliza, "Dada, unakwenda wapi?" na baada ya hapo, mlango, na ndala zikishuka ngazi mbio.