Sauti Iliyomo Tumboni mwa Samaki

Joram Ondiek alikuwa amechoka, na kilichomchosha ni sauti yake mwenyewe.

Watu wengine huchoshwa na mgongo, wengine na majirani. Yeye alikuwa akiamka asubuhi pale kwake Kondele, mtaa wa Kisumu, hata kamasi hajapenga, anaisikia sauti yake ikitoka dirisha la jirani: "Habari ya maji?" Kabla hajavaa viatu, nyumba ya nyuma inajibu, kwa sauti hiyo hiyo: "Magamba juu!" Na akifika chooni, kule kwa fundi wa pikipiki sauti yake inauliza kwa hasira, "Nani amekojoa ndani ya ziwa langu?"

Ilianza miaka minane nyuma. Wakati huo Joram alikuwa mtangazaji wa stendi kuu ya mabasi, miaka ishirini na sita kazini, kipaza sauti mkononi, akiita abiria, mizigo iliyosahaulika na watoto waliopotea. Ilikuwa sauti kweli kweli. Watu wa Kondele wanaapa kwamba siku moja aliita basi lililokuwa limeacha abiria, dereva akamsikia akiwa ameshafika mji wa Ahero, akageuza. Wapo wanaoongeza kwamba hata basi bovu lililokuwa gereji, injini imetolewa, lilisogea hatua mbili. Hao wasiaminiwe sana.

Basi wakaja vijana wawili kutoka Nairobi. Walikuwa wanatengeneza katuni ya watoto, habari za Nahodha Ngege, samaki ngege mmoja mnene mwenye kofia anayelilinda ziwa dhidi ya samaki mlafi aitwaye mbuta. Wakamfungia Joram siku tatu katika chumba kilichopigiliwa magodoro ukutani, akaongea usamaki wote uliohitajika, akapewa soda na keki, akatia sahihi karatasi ambayo hakuisoma kwa kuwa miwani aliiacha nyumbani.

Katuni peke yake isingemdhuru, maana runinga huzimwa. Taabu ililetwa na vitu vyake. Kwanza mabegi ya shule yenye picha ya Nahodha, halafu chupa za maji, ndala, blanketi. Mwisho kikaja kile kisamaki cha plastiki chenye kitufe tumboni. Ukikibonyeza kinasema, na kina maneno saba. Kimetoka kwa rangi saba pia, na mtoto mwenye sita halali mpaka apate wa saba, yule wa dhahabu, ambaye hapatikani. Mama mmoja tajiri wa Milimani alinunua duka zima kumtafuta, rafu na ngazi ya kupandia vikiwa ndani ya bei, akampata kwa muuza nyanya.

Tangu hapo Joram hakuwa tena na sauti ya kazi yoyote ya maana. Kanisani alisimama kusoma kitabu cha Ayubu, akafika tu pale Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa, watoto wa viti vya mbele wakapiga kelele, "Magamba juu!" Mchungaji akamwomba kwa upole apumzike, awaachie vijana. Alipoibiwa kuku akapiga simu kituo cha polisi, na afisa aliyepokea akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Mzee, kabla ya hao kuku, hebu salimia mtoto wangu."

Ikawa heri kunyamaza. Alistaafu kazi, sasa akastaafu na maneno. Akitaka chumvi ananyoosha kidole.

Mkewe Beldina alivumilia mwezi mmoja. Wa pili akaenda sokoni akarudi na samaki wa buluu, akamweka mezani.

"Huyu angalau ananisemesha," alisema. "Baba Maryanne, utatoa takataka leo?"

Joram akatazama dari. Beldina akabonyeza tumbo la samaki.

"Nimekubali, twende kazi!" samaki akasema.

"Umesikia? Umekubali kwa mdomo wako. Ndoo iko pale."

Na Joram, kwa uchovu tu, akaichukua ndoo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Dalmas alipokuja kuketi kwenye kochi lao, magoti yamebanana. Dalmas alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Joram. Kaka alipokuwa kitandani, siku ya mwisho, alimshika Joram mkono akamwambia jambo moja tu: huyu mtoto akienda kuoa, wewe ndiye utakayemsemea. Joram akasema ndiyo. Hakuwa bado samaki wakati huo.

"Baba," Dalmas alianza, maana ndivyo alivyomwita, "Jumamosi tunaenda Kombewa kwa kina Terry. Kila kitu kimekubaliwa, imebaki kusemwa rasmi. Lakini nimefikiri... Waswa wa kazini kwetu anaongea vizuri."

"Waswa?" Beldina akadakia. "Yule wa Bungoma? Ndiye kaka ya baba yako?"

"Si hivyo, Mama. Kule kuna watoto. Watacheka. Na baba mdogo wa Terry, Nyawanda, ndiye msemaji wao, huyo mtu hana utani. Msemaji akichekwa, sisi wote tumechekwa."

Joram akasafisha koo. Zilikuwa zimepita siku nyingi bila kuongea. "Nilimwahidi baba yako," alisema, na hapo hapo, nje ya dirisha, mtoto wa mtu akaita, "Nahodha!"

Dalmas akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Basi ongea polepole, Baba. Nakuomba. Ongea kama mtu mwingine."

Wiki nzima Joram alijifunza kuwa mtu mwingine. Alikunywa tangawizi na asali, akajaribu sauti nyembamba ya kupitia puani. Mbwa alihama. Siku ya Ijumaa aliweza kunong'ona sentensi tano mfululizo bila kufanana na ngege, na akalala akiwa amechoka kama aliyelima shamba la jirani bila kuombwa.

Kombewa walisimamishwa langoni kama ilivyo desturi, wakaulizwa wao ni nani na wamepotea njia ipi, kisha wakaingizwa. Sebule ilijaa, makochi yamevishwa vitambaa vilivyopigwa pasi, na kwenye kona, redio juu ya mapaja, aliketi Mzee Oyieko, babu yake Terry, ambaye macho yalikuwa yamemwishia miaka minne iliyopita.

Nyawanda akaeleza utaratibu ingawa wote waliujua. "Hapa anaongea mtu mmoja kila upande. Mtu wenu akisema, mmesema. Akila neno lake akalikana, mnabeba mlichokuja nacho mnarudi nyumbani, na binti yetu anabaki. Tumeelewana?"

Joram akanong'ona kitu.

"Ati?"

Akanong'ona tena.

"Bwana Ondiek, toa sauti. Mnaoa au mmekuja kuiba?"

Hakukuwa na pa kukimbilia. Joram akavuta pumzi na kusema kwa sauti aliyopewa na Mungu, "Tumekuja kwa heri, na tumekuja mchana."

Halafu nyuma ya pazia la kuelekea jikoni, sauti ya mtoto wa kike ikapasua nyumba: "Ni Ngege! Ngege amekuja kumuoa Terry!"

Jikoni sufuria ilianguka. Wanawake walicheka mpaka mmoja akatolewa nje apate hewa. Shangazi wa Terry alijifunika uso kwa kitambaa cha kochi. Hata Nyawanda, yule asiye na utani, aling'ata mdomo mpaka masharubu yakatetemeka. Dalmas alikuwa anatazama viatu vyake kama mtu anayevihesabu vidole ndani yake.

Joram alisimama tu. Hakuwa na hasira, kwa kuwa hasira nayo inataka nguvu. Alifikiria kochi lake la Kondele, akafikiria Waswa wa Bungoma.

Fimbo ikagonga sakafu mara mbili.

"Mmemaliza kucheka?" alisema Mzee Oyieko. "Basi nyamazeni. Mimi ndiye babu, na zawadi yangu sijaitisha."

Nyawanda akashtuka. "Baba, blanketi lako limekuja. Na kofia."

"Blanketi ninalo. Kichwa changu hakisikii baridi. Nataka huyu anayeongea. Aje hapa kila Jumamosi ya pili anisomee gazeti. Tangu macho yaende, nyinyi mnanisomea kama watu waliofukuzwa na nyuki. Nikiuliza nani amekufa, mnaniambia ni watu tu. Watu gani?"

Sebule nzima ikamgeukia Joram. Yeye alikuwa anatafuta njia ya heshima ya kukataa. Magoti yalikuwa mabovu, na zaidi ya magoti ilikuwa hiyo sauti. Alikuja kuitoa mara ya mwisho, kwa ajili ya kaka yake, halafu aifunge kabisa. Sasa huyu mzee anataka aivae kila Jumamosi ya pili mbele ya watoto wa Kombewa.

Akafungua mdomo aseme, mzee, kwa heshima yote.

"Nimekubali, twende kazi!"

Sauti ilikuwa yake. Mdomo haukuwa wake. Ilitoka nyuma ya pazia, na chini ya pazia zilionekana ndala mbili ndogo zenye picha ya Nahodha.

"Msemaji amesema," alisema Mzee Oyieko, akaegemea kiti.

"Baba, hapana," Nyawanda akasema. "Hiyo ni samaki ya Shantel. We Shantel, toka hapo!"

Shantel akatoka, msichana wa miaka sita, samaki mwekundu kifuani.

"Mimi sioni samaki," mzee akasema. "Mimi ni kipofu. Nilichosikia ni sauti. Na tulisema hapa mtu akila neno lake anarudi na mizigo. Ama hatukusema?"

"Tulisema," Nyawanda akakiri, kwa shida.

"Basi aniambie mwenyewe. Bwana Ondiek, hiyo sauti niliyoisikia ni ya nani?"

Joram aliona mtego ulivyofungwa, na ulifungwa vizuri. Akisema si yake, atakuwa amedanganya ndani ya nyumba ya wakwe, na kila mtu hapo, mpaka kuku wa nje, anajua ni ya nani. Akisema ni yake, basi amekubali. Dalmas alikuwa ameinua uso. Mlangoni, Terry mwenyewe alikuwa amesimama na sinia la vikombe, hatikisiki.

Miaka yote hiyo alikuwa ameikana ile sauti, akaificha, akainong'onesha, akainywesha tangawizi.

"Ni yangu," alisema.

Hakuinong'ona. Ilitoka nzima, ile ya stendi kuu, na wanaosimulia siku hizi wanasema vioo vya dirisha vililia na ng'ombe wa jirani wakaanza kurudi nyumbani saa saba mchana. Huenda. Lililo hakika ni kwamba hakuna aliyecheka. Hata Shantel alimtazama samaki wake, kisha akamtazama Joram, kama mtu aliyegundua mkubwa ni yupi.

"Chakula kije," alisema Mzee Oyieko.

Wakati wa kula, Joram aliwekwa karibu naye. Mzee akampapasa bega, akasema kwa sauti ya chini, "Nilijua ni samaki. Yule wa Shantel anakwaruza, betri zinakwisha. Wewe hukwaruzi."

"Sasa kwa nini, Mzee?"

"Ungekataa. Nilikuwa nasikia unavyovuta pumzi ya kukataa." Akatafuna kidogo. "Mwaka fulani mke wangu alinipotea stendi. Hakujua kusoma, na ile ilikuwa siku ya sikukuu. Wewe ulimwita. Turfena Oyieko, Turfena Oyieko, mumeo anakungoja chini ya saa kubwa. Mara tatu. Alikuja anatabasamu kama bibi harusi. Aliishi miaka tisa baada ya hapo, na kila tulipokosana aliniambia, mimi niliwahi kuitwa mbele ya Kisumu nzima."

Joram hakukumbuka. Alikuwa ameita maelfu. Lakini alisema, "Ndiyo, Mzee," kwa kuwa alikuwa amechoka, na kwa kuwa lilikuwa jambo zuri, lilistahili kuwa kweli.

Jumamosi ya pili ilipofika alijikokota mpaka Kombewa, magoti yakilalamika kila hatua. Terry alikuwa ameshahamia kwa Dalmas. Shantel alikuwa amekaa kizingitini na samaki wawili, yule mwekundu na mwingine wa kijani aliyemwazima kwa jirani, kusudi asikilize watatu pamoja. Mzee alishika redio iliyozimwa.

"Anza na vifo," alisema. "Nataka kujua niliowashinda."

Joram akavaa miwani na kusoma. Alisoma kwa sauti yote, maana hakukuwa na ya kuificha. Tangazo la kwanza, la pili, la mwalimu mstaafu wa Seme mwenye watoto kumi na mmoja na ukoo usio na mwisho. Jua lilikuwa kali, koo limekauka, na kichwa cha mzee kilikuwa kimeangukia kifua, mdomo wazi kidogo. Amelala, Joram akawaza, akaruka majina ishirini hivi ya chini akaenda moja kwa moja kwenye siku ya mazishi.

"Umeruka wakwe," alisema Mzee Oyieko, macho yamefungwa vile vile.

Joram akashusha pumzi. Akarudisha kidole juu ya ukurasa, akatafuta pale alipoachia, akaanza kuwasoma wakwe, mmoja mmoja.