Kiti cha Raum Kwenye Probox

Fundi Yordani alikiweka kile kiti juu ya rimu mbili za lori, akakisukuma kwa kidole kimoja, nacho kikazunguka taratibu mpaka kikatazamana na Husna.

"Umeona, dada? Kwenye Raum yake kilikuwa kinamtoa mgonjwa hadi nje. Anakaa, anageuzwa, miguu hiyo chini, anasimama zake. Wajapani wanawapenda wazee wao."

"Kwani sisi tunawachukia?" Jabiri, kaka yake Husna, akauliza.

"Sijasema hivyo, bwana. Nimesema kiti."

Husna alikuwa amesimama tangu saa mbili asubuhi. Gereji ile ya Old Korogwe ilijaa viti vilivyong'olewa kwenye magari, vya kila rangi, na kila kimoja kilikuwa na mwanamume juu yake, anayesubiri gari lake au anayesubiri tu. Hakuna aliyemwambia akae, na yeye hakuwa mtu wa kuomba.

"Sasa gari lenu ni Probox," Yordani akaendelea. "Matundu ya boliti hayakutani, lakini hilo dogo, nitachomelea chuma bapa chini. Shida ni mlango. Wa Raum unafunguka mpaka mwisho, wa Probox unaishia hapa. Nikikiweka kiti mbele sana, magoti yatagonga nguzo ya mlango. Nikikirudisha nyuma sana, mgongo wa kiti utagonga nguzo ya katikati. Nina vidole vinne tu vya kuchezea. Kwa hiyo mleteni mama akae, nimwone."

"Haji," Husna akasema.

Yordani aliinama kama mtu anayesikiliza injini. "Unasema?"

"Anasema haji," Jabiri akamjibia. "Hataki kupanda gari. Ndiyo maana tunatafuta kiti."

"Basi niletee vipimo. Kiuno mpaka goti, goti mpaka unyayo. Bila hivyo nitabahatisha."

Mama yao, Bi Zamda, alipigwa na kiharusi miezi minne iliyopita, upande wa kulia. Dada wa mazoezi pale hospitalini Korogwe aliwaambia mapema kwamba miezi sita ya mwanzo ndiyo ya kuuwahi mguu. Baada ya hapo hukauka, na ukishakauka hakuna wa kuulaumu. Walimpeleka mara tatu. Mara ya tatu, getini, Jabiri na vijana wawili wa bodaboda walimvuta kutoka kwenye kiti cha gari wakimshika makwapani, na kanga yake ikabaki ndani ya gari. Bi Zamda, ambaye watoto wake wenyewe hawakuwahi kumwona bila kujifunga kanga mbili, alining'inia mikononi mwa vijana akiwa na gauni la ndani, mbele ya foleni nzima. Hakulia. Walipofika nyumbani, kijijini Misima, Mama alisema hatapanda gari tena mpaka siku atakapoweza kushuka kwa miguu yake.

Tangu siku hiyo mwezi mmoja na nusu ulikuwa umepita. Husna alikuwa akimnyanyua, akimwogesha, akimgeuza usiku na kumlisha mchana, na kila akiugusa ule mguu aliuona unazidi kuwa mgumu. Yeye mwenyewe mgongo ulimuuma mpaka akawa anainuka kwa kushika ukuta. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi?

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, Mama alipolala, Husna alichukua kamba ya katani. Futi ya kushonea hawakuwa nayo, na kwenda kuazima kwa jirani kungetaka maelezo, na maelezo yalimchosha kuliko kazi.

Aliisubiri pumzi ya Mama itulie. Alikuwa na sababu. Kwao, mtu mzima aliyelala hapimwi kwa kamba ila siku moja tu, na siku hiyo mwenyewe huwa hana habari. Hupimwa ndani, kamba ikatolewa mlangoni, na vijana wenye majembe wakaipokea bila neno. Husna aliyajua hayo tangu alipofariki baba yao. Lakini Yordani alitaka vipimo, na mguu haukuwa ukisubiri.

Akailaza kamba kutoka kiunoni hadi gotini, akafunga fundo. Alipokuwa akiivuta kuelekea unyayo aliona macho ya Mama yako wazi.

"Wameshaanza kuchimba?"

Siku hizi maneno ya Mama yalitoka yamelegea upande mmoja, lakini hayo yalitoka yamenyooka.

"Mama, ni ya kiti. Fundi anataka..."

"Wewe niliyekuzaa mimi! Mchana kweupe! Umechoka hata kunisubiri?"

Kisha akaingia kwenye Kizigua, lugha aliyoiweka kwa ajili ya kubembeleza wagonjwa na kugombana na watu wa damu yake. Husna aliipeleka kamba jikoni, akaitia motoni na fundo lake.

Siku tatu Mama hakusema naye. Husna alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, na Mama akimeza huku akitazama ukutani, halafu anaita, "Jabiri! Mwambie huyo uji wake hauna sukari."

"Husna, uji hauna sukari," Jabiri akasema kutoka uani.

"Nimesikia, kaka."

"Mama, amesikia."

Walicheka wawili tu, yeye na Jabiri, tena walipokwisha kufika mbali na dirisha. Usiku ule Husna alimgeuza Mama mara mbili, na Mama akageuka kimya, mzito kama gunia lililolowa.

Waliporudi gerejini Yordani alinyoosha mkono. "Vipimo viko wapi?"

Husna angeweza kusema mambo mawili. Kwamba hakupima. Na kwamba goti la kulia la Mama halikunji sawasawa, mguu ule hukaa umenyooka mbele kama mchi. Yote mawili yalitaka kusemwa kwa sauti ya kufika, mbele ya wale wanaume waliokaa, mmoja wao akitafuna muwa na kumtazama usoni.

"Tunafanana," akasema. "Nitakaa mimi."

"Mnafanana vipi?"

"Urefu."

Hilo lilikuwa kweli; Misima yote walisema hivyo. Jabiri akaitikia kwa kichwa. Magunia ya watu, aliyokuwa akiyabeba kwa ujira, yalikuwa yakimsubiri siku ya nne, na alitaka gari lake litoke pale.

Basi kikang'olewa kiti cha Probox, vyuma vikakatwa, cheche zikaruka, na kufikia alasiri kiti cha Raum kilikuwa kimekaa mahali pake, rangi ya kijivu iliyokoza katikati ya ndugu zake waliopauka. Husna akakaa. Yordani akavuta kishikio, kiti kikageuka, na magoti yake yakapita kwenye nguzo kwa nafasi ya kidole.

"Kama kimezaliwa humu!" Yordani akasema.

Asubuhi ya Jumanne, siku ya mazoezi, Jabiri alilisogeza gari mpaka kizingitini na kukigeuza kiti kitazame nje. Bi Zamda, kwenye kiti chake cha mbao barazani, alikikagua kwa muda mrefu.

"Jabiri. Ni cha gari gani hicho?"

"Raum, Mama."

"Na hiyo Raum imekwenda wapi?"

"Ilipinduka."

"Na mwenye kukalia?"

"Hakuwemo siku hiyo."

Mama akafikiri. "Basi alikuwa na akili. Mwambie huyo aniinue."

Husna alimkumbatia, akahesabu moyoni, akamhamisha kutoka mbao hadi kitambaa. Viti vilikuwa sawa kwa kimo, kanga haikusogea, na hakuna mwanamume aliyegusa. Mama akajiegemeza. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi uso wake ulilegea pande zote mbili. Husna akavuta kishikio, akasukuma.

Kiti kikageuka nusu, kikasimama. Unyayo wa kulia ulikuwa umegota kwenye nguzo.

Akasukuma tena. Mama akavuta pumzi kwa meno.

"Kunja, Mama. Kidogo tu."

"Ningeweza kukunja ningekuwa shambani."

Husna alipiga magoti mchangani, akashika kisigino kwa mkono mmoja na goti kwa mwingine, akalikunja polepole goti lisilotaka, huku Jabiri akikisukuma kiti kwa nyuma. Mama aliuma pindo la kanga. Mguu ukapita, kiti kikaingia, kikalia "tak!" Wote watatu walikuwa wanahema.

"Tumtoe?" Jabiri akanong'ona.

"Nani anatolewa?" Mama akasema. "Nikishuka hapa kwa hali hii sipandi tena, si kwa kiti cha Raum wala cha mfalme. Nendeni kwa huyo fundi wenu."

"Utachelewa mazoezi."

"Washa gari."

Jabiri akawasha, wakaondoka kuelekea gerejini. Husna alikaa nyuma, mikono yake bado ikihisi lile goti, akijua kosa ni la nani. Si la fundi. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema, akayameza kwa sababu ya mtu aliyekuwa akitafuna muwa. Na sasa, kama lile goti halitapita tena, Mama atatolewa kwa kuvutwa, na hiyo ndiyo itakuwa safari yake ya mwisho ya kutafuta mguu wake.

Yordani aliwapokea akifuta mikono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe uliyenifunga humu?"

Fundi aliutazama mguu ulionyooka, akamtazama Husna, na sauti yake ikapanda. "Dada, mbona hukuniambia? Nilikuuliza mara mbili! Mguu wa namna hii ungeniambia ningerudisha kiti nyuma, ningekata na mgongo wake. Mtu anauliza kwa faida yenu, nyinyi mnanyamaza!"

Wale wanaume kwenye viti waligeuka. Husna alitazama mafuta yaliyomwagika chini.

"Mwache," Mama akasema. "Alikuja kunipima, mimi nikamfukuza. Nilidhani anataka kunizika. Kumbe alitaka kunitembeza." Akakusanya mate upande ule uliolegea. "Binti yangu hajui kusema. Anajua kubeba. Miezi minne ananibeba, na mimi namnunia. Mgongo wake umekwisha, unadhani sioni anavyoshika ukuta?"

Husna hakujua aweke wapi uso wake. Alitaka kulia, lakini hata kulia kulitaka nguvu.

Yordani akashusha sauti. "Yaishe, mama. Nitapima hapo hapo ulipokaa. Ila itabidi nigeuze kiti, na mguu..." Akasita, akaitazama kanga.

Husna alielewa. Aliwatazama wanaume wale saba au wanane, yule wa muwa akiwemo. Akaenda kusimama mbele yao.

"Naomba mtupishe," akasema. Hawakusikia. "Jamani! Naomba mtoke! Mama yangu anataka kushuka."

Mwenye muwa ndiye aliyesimama kwanza. "Samahani, dada," akasema, akawasukuma wenzake kuelekea barabarani.

Kazi ilichukua saa mbili na nusu. Husna alimfunika Mama vizuri, akaushika mguu, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa akisema: hapo, hapana, rudisha, anaumia, kidole kimoja tena. Yordani alichora kwa chaki sakafuni. Husna akamhamishia Mama kwenye kiti kingine, kivulini, na fundi akafungua boliti, akakata pembe ya mgongo wa kiti kwa grenda, akachomelea upya. Harufu ya sponji iliyoungua ilijaa gereji yote. Kiti sasa kilikuwa kibaya kwa sura, kimekatwa bega, kimefungwa gunia palipokatwa.

Mama akarudishwa. Husna akavuta kishikio. Unyayo ulipita mbele ya nguzo, ukapita kizingiti, kiti kikamaliza mzunguko wake, na miguu yote miwili ya Bi Zamda ikagusa ardhi ya Old Korogwe. Akaushika mlango kwa mkono wa kushoto. Akajisukuma mara moja, akashindwa. Mara ya pili akasimama, akiyumba, Husna akiwa karibu bila kumgusa. Alisimama kwa muda wa kuhesabu mpaka sita hivi, kisha akakaa.

"Basi," akasema. "Nimechoka."

Hospitalini walifika saa tisa. Mlango wa chumba cha mazoezi ulikuwa umefungwa, na mlinzi akasema dada wa mazoezi ameshaondoka, warudi Alhamisi. Jabiri aliegemea gari, akajifuta jasho. Siku nzima, mafuta yote yale, na hakuna zoezi hata moja. Husna alisubiri Mama aseme lile neno alilolizoea, kwamba basi, turudini nyumbani, yaishe.

"Baba," Mama akamwita mlinzi kupitia dirishani, "Alhamisi anaanza saa ngapi?"

"Saa mbili, mama."

"Jabiri, umesikia? Alhamisi usichukue gunia la mtu."

Walipoanza kurudi jua lilikuwa upande wa Husna, naye akavuta mtandio machoni. Mbele yake, Mama alikuwa akimwambia Jabiri apunguze mwendo kwenye matuta. Halafu akasema, bila kupitia kwa mtu, "Husna, lala, mwanangu. Nitakuamsha tukifika."

Lakini Husna alikuwa amekwisha kulala.