Imekufa kwa Uzembe

Barua ile ninayo mpaka leo. Imekaa miaka kumi na mmoja katika sanduku moja na viazi. Si viazi vya kula. Ni viazi vya kaladiamu, ule mmea wa majani yenye umbo la moyo, meupe, mishipa myekundu kama macho ya mtu aliyekosa usingizi. Ukiutafuna, ulimi unavimba. Ndiyo maana naupenda.

Baba alikuwa mtunza bustani wa chuo cha ualimu. Mkuu wa chuo tulimwita Pasi, kwa mikunjo ya suruali yake. Kiangazi kimoja Pasi alirudi kutoka likizo na wageni, akakuta vyungu arobaini barazani, udongo mtupu.

"Mzee, maua yako wapi?"

"Yamelala, mkuu. Kiangazi majani hugeuka manjano, yanaanguka, nami naacha kumwagilia. Kiazi kinapumzika. Mvua zikirudi..."

"Yamelala!" Pasi akawageukia wageni. "Mtunza amelala, na maua yamelala. Hiki ni chuo au bweni?"

Wageni wakacheka. Nilikuwa nimemletea baba chakula, nikawahesabu: wanne. Sura zao zote ninazo.

Kesho yake barua ikatoka. "Mimea yote arobaini imekufa kwa uzembe wa mtunza bustani." Vyungu vikamwagwa jalalani, na baba akamwagwa navyo. Tuliokota viazi kimoja kimoja, vilivyopasuka vikatuwasha mikono hadi viwikoni. Baba alisema neno moja tu: "Yaishe."

Yaishe vipi? Kila akipita kwa kinyozi wa nje ya chuo, kinyozi anapaza sauti: "Shikamoo mzee! Leo umeamka?" Hakuna bustani iliyompokea tena. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Nikaapa kitu kimoja: barua ile itasomwa hadharani, na itasomwa na yeye aliyeiandika.

Baba akanifundisha. Kiangazi, viazi vikauke kivulini, kisha vilale katika maranda makavu, sandukuni, mbali na unyevu, maana unyevu ukivikuta usingizini vinaoza. Mvua za kwanza, vipandwe macho juu, pale panapochipua, kivulini, udongo usikauke. Jua la mchana halifai. Linaunguza jani likawa kama karatasi iliyopitiwa na moto.

"Na hili jicho kubwa," alisema, kisu mkononi, "ling'oe."

"Si utaua kiazi?"

"Wapi! Likiwepo hilo, madogo yanasinzia. Ling'oe uone yatakavyoamka yote."

Hilo nililitia akilini kwa matumizi mengine.

Mwaka hadi mwaka nilikata viazi, kila kipande na jicho lake, hadi ua wetu ukajaa. Watu wakaanza kuja kukodi vyungu kwa harusi zao. Ndipo mvua za mwaka huu karani wa chuo akanipigia simu.

"Dada, mkuu anastaafu. Anataka ukumbi upambwe kwa yale majani meupe na mekundu. Anasema chuo kiliwahi kuwa nayo, hajui yalipotelea wapi."

Hajui! Nikamwambia karani, "Nitaleta arobaini. Na baba yangu atakaa mbele."

Siku yenyewe ukumbi uliwaka kwa majani yale. Pasi alisimama kwenye kipaza sauti, mikunjo ile ile, kichwa cheupe. "Aliyelea maua haya ni nani? Aje hapa!"

Nikaenda. Nikampa karatasi. "Ni maneno machache kuhusu maua haya, mkuu. Wasomee wageni."

Akavaa miwani, akatabasamu, akaanza kwa sauti ya darasani: "Mimea yote arobaini imekufa kwa..."

Akaitazama sahihi yake.

Nilitaka kusema, nikajizuia. Sikuwa na haja ya kuwa jicho kubwa. Kutoka nyuma mpishi wa chuo akapaza sauti: "Malizia, mkuu!" Mlinzi mlangoni: "Malizia!" Dobi naye. Kisha ukumbi mzima, watu ambao kila mmoja alikuwa na barua yake moyoni: "Malizia! Malizia!"

Akamalizia. "...kwa uzembe wa mtunza bustani." Neno la mwisho lilisikika kwa shida.

Baba aliinuka taratibu. "Yalikuwa yamelala tu, mkuu."

"Nisamehe, mzee," Pasi akasema, na kipaza sauti kikayapeleka maneno hadi barabarani, alikokaa kinyozi na kiti chake. Baba akampa mkono. Baba ni baba.

Mimi si baba. Nilikuwa nimekuja na chungu cha arobaini na moja, udongo mtupu, kimefungwa utepe. Nikampa Pasi mbele ya watu wote. "Zawadi ya kustaafu. Hii imelala, mkuu. Usije ukaitupa."

Akaipokea kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Hakuthubutu hata kuuliza italala mpaka lini.

Tulipofika nyumbani baba akaniuliza, "Mle chunguni, uliweka kiazi?"

"Hamna kitu, baba. Udongo."

Akatikisa kichwa. "Hiyo ni dhambi, mwanangu." Akavua viatu, akakaa.

"Angalau ulimtilia mbolea?"