Fimbo ya Mkono wa Kushoto

Mke wa fundi cherehani alikuwa mvuvi, mume hakuwa, na majirani hawakuacha kuwatania kwa hilo tangu walipooana. Mke alipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, akisimama mchana kutwa kwenye mvuke. Siku yake ya mapumziko ilipofika, alibeba fimbo ya kuvulia begani, akaenda ufukweni nyuma ya kiwanda cha chumvi, akasimama maji yakimfika magotini na kurusha mshipi wake nje ya mstari wa mawimbi. Wenzake kazini walimwita Bibi Mshipi, na jina likamganda. Fundi alibaki na cherehani yake. Bahari aliiheshimu kwa mbali. Akienda na mkewe, aliishia pale mchanga unapoanza kulowa, viatu mkononi, akimuuliza kila mara kama hajachoka.

Fimbo ya kuvulia Bibi Mshipi aliachiwa na kaka yake marehemu. Ilikuwa nene, nzito, imeviringishwa utepe mweusi wa umeme mahali ilipopata ufa, na pete mbili za kupitishia mshipi zilikuwa zimefungwa upya kwa uzi wa suruali, kazi ya Fundi mwenyewe. Kwa fimbo hiyo Bibi Mshipi alivua kolekole wa kutosha mtaa mzima.

Kisha akaugua. Uvimbe ulionekana kwenye titi la kulia, akafanyiwa upasuaji, na daktari akawaambia wameuwahi. Walirudi nyumbani wakiwa na furaha ya watu waliokoswakoswa na gari. Lakini kwapani pia palikuwa pamekatwa, na tangu hapo mkono wa kulia ulikuwa ukivimba bila taarifa, ukawa mzito, ukachoka kabla ya mwenyewe kuchoka. Kazini walimhamishia kukunja shuka. Kuhusu kuvua hakuna aliyesema neno.

Asubuhi moja ya mapumziko alichukua fimbo yake na kutoka. Fundi alifurahi moyoni, akajifanya hakuona. Hata chai haijapoa, mkewe akawa amerudi. Hakuwa na samaki, hakuwa na tone la maji kwenye gauni, na ncha ya fimbo ilikuwa imejaa mchanga kama kitu kilichoburutwa njia nzima.

"Bahari imechafuka," alisema, akaiingiza fimbo nyuma ya kabati la nguo.

Fundi alichungulia dirishani. Hata majani ya mti wa jirani hayakuwa yakitikisika. Akaendelea kunywa chai yake.

Wiki zilizofuata Bibi Mshipi alishinda ndani siku zake za mapumziko. Alipangua kabati na kulipanga upya. Alisugua masufuria yaliyokuwa safi. Binti yao, aliyekuwa muuza dawa mji mwingine, alipiga simu akamuuliza baba yake hali.

"Anakula, analala," Fundi alisema. "Ila ananyamaza, mwanangu. Mama yako akinyamaza nyumba inakuwa kubwa mno."

"Mshawishi arudi kuvua, baba."

"Fimbo imemshinda. Hataki nijue, na mimi najua."

Siku ya pili yake alifunga kibanda mapema, jambo ambalo wateja wake hawakulizoea, akaenda kwenye duka la vifaa vya uvuvi karibu na stendi. Mwenye duka alikuwa kijana mwenye ndevu nyingi na sauti ya upole. Nyuma yake fimbo zilikuwa zimesimama ukutani kwa mpangilio wa bei, kutoka zile za kumnunulia mtoto hadi zile ambazo hazikuandikwa bei kabisa.

"Nataka fimbo nyepesi kuliko zote ulizonazo," Fundi alisema. "Ya kurusha kutoka ufukweni, kwenye mawimbi."

"Ni ya nani, mzee wangu?"

"Ya mke wangu. Mkono wake wa kulia una matatizo."

Kijana hakuuliza matatizo gani. Alitoa fimbo tatu akaziweka juu ya meza. Fundi alivaa miwani yake, akainama kama anayekagua suti ya bwana harusi, akaanza na nyuzi zinazoshika pete. Kwenye ile ya bei ya chini uzi ulipandana, na gundi ilikuwa imemwagika pembeni. Kwenye ya kati ulikaa vizuri. Kwenye ile ya ghali, ya kaboni, ulilala mmoja kando ya mwingine hivi kwamba alipapasa kwa ukucha na asisikie mshono. Kisha akaziinua moja moja kwa mkono wa kushoto, akanyoosha mkono mbele, akasubiri uanze kutetemeka. Ile ya ghali alikaa nayo mpaka mwenye duka akahudumia mteja mwingine na kurudi.

"Niambie ukweli," Fundi alisema. "Hii inavua samaki zaidi?"

Kijana akajikuna ndevu. "Hapana. Samaki anaona chambo tu. Mtu mzima wa afya namuuzia hii ya kati na naenda kulala vizuri."

"Na mtu wa mkono mmoja na nusu?"

"Huyo ni habari nyingine, mzee wangu."

Basi akainunua ya ghali. Na kwa kuwa alikwishafika huko, na hakujua kitu, akakubali pia rili ya kukunjia mshipi iliyong'aa kama bangili, ya ghali vilevile. Alilipa kwa fedha alizokuwa akiziweka kwa ajili ya mashine ya kudarizi, mashine ambayo mkewe alikuwa akisikia habari zake kila jioni kwa miaka, ingefanya hivi, ingefanya vile.

Bibi Mshipi aliipokea fimbo ikiwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Aliifungua, akaitazama ncha hadi mkia, akaona rili, akakaa kitandani.

"Mashine yako iko wapi?"

"Mashine itakuja."

"Nimekuuliza iko wapi, Fundi."

"Ndiyo hiyo umeishika."

Mkewe aliilaza fimbo magotini. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomkata maini Fundi kuliko kama angegomba. "Umechukua pesa uliyoichuma kwa macho yako ukamnunulia fimbo mtu asiyeweza kunyanyua ndoo. Irudishe."

"Jaribu kwanza."

"Nishajaribu. Unadhani siku ile bahari ilikuwa imechafuka?"

Akalia hapo, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Fundi aliketi karibu naye, upande wa kushoto, usiouma. Fimbo haikurudishwa wala haikutumika. Ilisimama kwenye kona ya chumba kama mgeni asiyekaribishwa kukaa.

Siku ya mapumziko iliyofuata Fundi alipiga moyo konde. Aliamka, akakunja suruali hadi magotini, akachukua fimbo mpya na kopo la chambo cha vipande vya kamba wa baharini.

"Unakwenda wapi?" mkewe aliuliza kutoka kitandani.

"Kuvua."

"Wewe?"

"Pesa yangu haiwezi kusimama kwenye kona."

Alifika ufukweni akakuta watu wachache, kila mmoja mbali na mwenzake. Maji yalipomgusa vidole alisimama, akajisemea maneno, akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, na hapo akaamua panatosha. Alirusha mara ya kwanza, chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, likaanguka mbele yake, karibu limpige mguu. Mara ya pili alirusha kwa hasira, na mshipi ukatoka kwenye rili wote kwa pamoja ukafanya kiota. Alikaa mchangani akaufumua kwa subira ya kazi yake. Mara ya tatu alivuta fimbo nyuma kwa nguvu, akahisi kitu kimemshika mgongoni, akageuka upande huu na huu kama mbwa anayefukuza mkia. Ndoana ilikuwa imenasa kwenye shati lake.

Ndipo aliposikia kicheko nyuma yake. Alikijua. Hakuwa amekisikia kwa muda mrefu kiasi kwamba hakugeuka mara moja, aliogopa kitakatika.

Bibi Mshipi alikuwa amesimama kwenye mchanga mkavu na kanga yake mabegani, machozi ya kicheko yakimtoka. "Simama hivyohivyo, utachana shati." Alimtoa ndoana, akaipuliza. "Nani alikufundisha kurusha? Unapiga nzi?"

"Ningefundishwa na nani, na mwalimu amelala?"

Akaichukua fimbo kutoka mkononi mwake, kumwonyesha tu. Aliishika kwa mazoea, mkono wa kulia juu, akaanza kuinyanyua, na Fundi akaona uso unavyobadilika bega lilipokataa. Akaishusha. Alisimama hivyo mawimbi mawili matatu yakija na kurudi. Kisha akabadilisha mikono. Wa kushoto juu, wenye nguvu. Wa kulia chini, karibu na tumbo, ushike mkia wa fimbo tu na kuuvuta kidogo.

"Nyepesi," alisema. Halafu akasema tena, kwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake, "Nyepesi hii."

Mrusho wa kwanza ulikwenda pembeni. Wa pili ukaanguka kwenye povu. Alikuwa anajifunza upya kitu alichokijua tangu usichana, na mara mbili Fundi alifungua mdomo amwambie apumzike, akaufunga. Mrusho wa nne fimbo ilipinda na kujinyoosha kama yenyewe ndiyo inayotaka, chubwi likapaa juu ya wimbi la kwanza, la pili, na kutua huko nyuma ambako maji yametulia. Bibi Mshipi hakushangilia. Alisimama na kidole kwenye mshipi, akisikiliza, na mabega yake yakashuka taratibu kama ya mtu aliyetua mzigo.

Hawakupata kitu siku ile. Njiani kurudi yeye ndiye aliyezungumza muda wote, na kwa sehemu kubwa alikuwa akilalamika.

"Fimbo sawa. Fimbo nimeipokea. Lakini hii rili, Fundi, wamekupiga. Ni nzito kuliko fimbo yenyewe. Mtu anatoa pesa yote hiyo apunguze uzito huku, halafu anaurudisha huku?"

"Aliniambia haiingii maji hata ukiizamisha."

"Mimi naenda kuvua au kuizamisha?"

Aliiosha rili kwa maji baridi, akaikausha kwa kitambaa cha pamba, na kesho yake wakaenda dukani pamoja. Mwenye duka aliigeuza mkononi, akasema ikishaguswa na chumvi huwa hairudi. Bibi Mshipi akamwambia hajaja kugombana, amekuja kumfundisha biashara: akimuuzia mtu fimbo nyepesi kwa sababu ya mkono mbovu, asimfungie jiwe. Kijana alicheka, akakubali. Alimpa rili ndogo, ya kawaida kabisa, bei ya watu. Kwa kilichobaki Bibi Mshipi alichagua mabuti marefu ya mpira.

"Mguu wako ni huu?" Fundi aliuliza, akiyatazama. "Mbona makubwa?"

"Ni ya kwako. Sitaki mtu wa kuniulizia maswali kutoka nchi kavu."

Ndivyo Fundi alivyoanza kuingia baharini, mtu mzima mwenye mvi. Alisimama kando ya mkewe, upande wa kulia, kila wimbi likija akimshika mkono wa gauni, na haikujulikana nani anamzuia nani asianguke. Siku nyingine walirudi na samaki, nyingine hawakurudi naye hata mmoja. Mkono uliendelea kuvimba mara kwa mara. Ukivimba, hawakwenda.

Asubuhi moja mwanamume aliyekuwa akivua jirani yao aliwasogelea. Alikuwa kipande cha mtu, shingo nene, mikono kama ya mpakia mizigo. Aliitazama fimbo ya kaboni kwa jicho la tamaa.

"Samahani, mama. Nimeiona dukani hiyo. Inastahili ile bei kweli?"

"Hebu inua mkono wako juu ya kichwa."

Mwanamume akainua, akishangaa.

"Unauma?"

"Hapana."

"Basi haistahili. Nunua ile ya kati, pesa nyingine mpe mkeo." Akageukia bahari. Akaongeza, bila kumtazama yeyote, "Siku ukiinua ukauma, itastahili. Hata ukiuza kitanda."

Alikuwa bado anasema hivyo fimbo ilipoinama. Alikuwa kolekole, na mkubwa. Samaki aliukimbiza mshipi kuelekea kushoto, akaurudisha, na Bibi Mshipi akarudi nyuma hatua kwa hatua, meno yameuma mdomo. Kazi ilipofika nusu, mkono wa kulia uliishiwa nguvu. Fundi aliona kidole kinateleza kwenye mpini wa rili.

"Shika," alisema mkewe.

"Nishike wapi?"

"Nyuma yangu. Zungusha mimi nikisema, acha mimi nikisema."

Akamkumbatia kutoka nyuma, akashika mpini, na wote wawili wakawa wanazungusha na kuacha, zungusha na acha, mabuti ya Fundi yamejaa maji, miwani imelowa haoni kitu, mpaka samaki akalala kwenye mchanga akipiga mkia. Yule jirani wao ndiye aliyemwahi kabla wimbi halijamchukua.

Walikula mchana ule, wakampa na yule mwanamume fungu lake, maana alikuwa amewafuata nyuma kwa mazungumzo hadi mlangoni. Binti alipopiga simu, mama yake alimsimulia yote mwanzo mwisho, pamoja na habari ya mabuti, na kila alipofika mahali pa kusema nilivua, alisema tulivua. Kisha akajilaza, mkono wa kulia juu ya mto, akapitiwa na usingizi akiwa katikati ya sentensi.

Fundi alikuwa na sare za shule za kumaliza. Alikaa kwenye cherehani yake ya nyumbani, akaweka mguu kwenye kanyagio, akamtazama mkewe aliyelala, akauondoa. Akachukua sindano na uzi, akavuta kiti karibu na dirisha penye mwanga, na kuanza kushona pindo la sketi kwa mkono.