Watulizaji wa Tumbo la Laurencia

Kila asubuhi kabla ya kuanza kuchuma kahawa, Laurencia alitafuta kwanza mbuni wenye matawi ya kumficha. Choo cha shambani kilikuwa kizuri, chenye vigae na maji ya moto, lakini kilijengwa kwa ajili ya watalii waliopita kuangalia kahawa inavyokaangwa kabla ya kushuka kreta kuona wanyama. Kwa wachumaji kilifungwa kwa kufuli. Laurencia aliumwa utumbo, uliovimba na kutoa damu, na tumbo lilipomwita halikumpa nafasi ya kusubiri.

Hospitalini Karatu, daktari Domitila alimweleza taratibu. Mwilini mna askari wanaopigana na vijidudu, na mna wengine ambao kazi yao ni kuwatuliza hao wa kwanza, wasishambulie chakula wala bakteria wema wa utumboni. Watulizaji hutoa molekuli za ishara; zikimgusa askari mwenye hasira, naye hushusha silaha. Kwake Laurencia ishara hazikutosha, ndiyo maana utumbo ulijiunguza wenyewe. Akampa dawa.

Jioni ile Laurencia alikuwa akichambua maharage watulizaji walipotoka kitovuni mwake na kuketi ukingoni mwa ungo. Walikuwa wadogo kama punje za ulezi. Akausogeza ungo karibu na jiko, maana Karatu mwezi wa saba ni baridi. Wakasema wamechoka, wamekuja kupumua. Walipopumua, harufu ya udongo ulionyeshewa ikaenea, na wapangaji wa chumba cha pili, waliokuwa wakigombania zamu ya kudeki, wakanyamaza katikati ya tusi.

Tangu hapo akawa anakwenda nao kazini ndani ya kilemba. Nyapara Clemensi aliwaona, akauliza kama wanakula. Akaambiwa hawali, hupumua tu, na wanaogombana hutulia. Akaenda kumwarifu meneja.

Wiki hiyohiyo Vumilia, mjamzito aliyechuma mstari wa jirani, alinyimwa choo mpaka akajikojolea mbele ya wageni wenye kamera. Wachumaji wakaweka ndoo chini, wakasimama mlangoni pa choo. Meneja akamwita Laurencia pembeni, akamwomba kwa adabu awaachie wale wadogo wapumue mbele ya wenzake. Akikubali, ufunguo mmoja wa choo ungekuwa wake peke yake.

Wakati huo tumbo lilikuwa limekwisha kumwita Laurencia. Aliutazama ule ufunguo mkononi mwa meneja. Kisha akafungua kilemba, akawauliza wenyewe.

"Sisi hutuliza vita vya bure," wakasema. "Askari akishambulia ugali, tunamzuia. Akipigana na adui wa kweli, tunampisha."

"Umewasikia," Laurencia akamwambia meneja. "Na mimi nasema hivyohivyo."

Akaenda kusimama mbele kabisa, bega kwa bega na Vumilia. Watulizaji wakashuka, wakarudi kitovuni. Jua lilipopanda, tumbo likaanza kupoa, kwa mara ya kwanza tangu masika. Wenzake hawakupoa hata kidogo. Waliimba mpaka magari ya wageni yakageuzia njiani.

Kesho yake mlango ulikuwa na kufuli kubwa zaidi, na Vumilia hakuitwa kazini.

Baadaye daktari Domitila alimpima Laurencia, akaona utumbo umepona kwa sehemu kubwa, akamwambia asiache dawa. Sasa anaweza kuchuma tangu asubuhi mpaka jioni bila tumbo kumkimbiza chooni. Hata hivyo, kila wageni wanapofika, yeye huweka ndoo chini, huenda mlangoni, humwambia Clemensi amfungulie. Clemensi hukataa. Laurencia hubaki amesimama palepale.