Kuku wa Jumanne

Swali linalochosha kuliko yote duniani si la hesabu wala la mtihani. Ni lile mwanamke anajiuliza saa kumi na moja jioni, miguu ikiwaka moto ndani ya viatu: leo tunakula nini? Nimefundisha miaka kumi na minne, na sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo, tena kila siku, tena na watu ambao jana tu walikula wakashiba.

Mwaka wa 2003, shule za msingi zilipofanywa za bure, darasa langu pale Kitale lilitoka watoto arobaini na watano likafika tisini na wanne. Mwaka huohuo mume wangu Khisa, karani wa serikali, akahamishiwa Bungoma, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi akipata nafasi. Nikabaki na watoto wangu wawili, Ivy na Derrick, pamoja na madaftari. Jioni moja niliinjika maharagwe, nikaketi dakika moja tu, usingizi ukanibeba. Aliyeniamsha ni jirani yangu Khairunisa, ameshika sufuria kwa ncha ya leso, maharagwe yamegeuka makaa.

"Mama Ivy," akaniambia, "wewe siku moja utatuchomea ploti."

Akaenda kwake, akarudi na chapati sita na mchuzi wa viazi. Kabla ya siku hiyo tulikuwa tunasalimiana tu.

Khairunisa sote tulimwita Mama Nasir, kwa jina la mwanawe. Alikuwa fundi wa sare za shule karibu na msikiti, na mumewe Daud aliendesha lori la mahindi. Watoto wapya madarasani walitaka sare, kwa hiyo alichakaa kwa cherehani kama mimi nilivyochakaa kwa chaki. Wa tatu wetu alikuwa Edah, mpiga chapa wa ofisi moja ya wilaya, aliyekaa nyumba ya mwisho na kujua mambo ya nyumba zote. Tulikutana kwenye mfereji wa maji wa ploti yetu ya nyumba za kukodi, tukapanga zamu. Jumatatu na Jumanne napikia nyumba zote tatu mimi. Jumatano na Alhamisi Mama Nasir. Ijumaa na Jumamosi Edah. Jumapili kila mtu ajijue.

Sijui niseme vipi jinsi zamu ile ilivyoniokoa. Siku nne kwa wiki nilirudi nyumbani nikijua chakula kitakuja chenyewe hadi mlangoni. Mama Nasir alitufundisha kupika ndengu na karoti hadi watoto wakaacha kuzilalamikia. Mimi niliwafundisha mrenda uliochanganywa na majani ya kunde, na munyu wetu wa majivu ya maganda ya maharagwe, ule ambao Edah alikuwa akiuita dawa ya sufuria. Edah mwenyewe alikuwa na omena zake za nyanya na ndimu, na ukimsifu mara moja alizipika wiki tatu mfululizo.

Tulikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, chombo hakirudi kitupu. Nikikupelekea mboga kwenye hotpoti yangu, lile bakuli la kutunza joto, utairudisha na kitu ndani, hata kama ni nyanya mbili au mapera ya kuokota chini ya mpera wa uani. Ya pili ilikuwa ya kuku. Nyama ya buchari haikuwa na shida, kwa kuwa wachinjaji ni Waislamu, lakini kuku wa nyumbani alichinjwa na Daud kwanza, kwa njia ya dini yao, ndipo akapikwa tukala sote. Sheria hiyo ya pili niliitunga mimi mwenyewe. Mama Nasir hakuwahi hata kuiomba.

Sasa nije kwenye Jumanne.

Ilikuwa Oktoba 2004, mwezi wa Ramadhani, na chakula kilitakiwa kifike kwa Mama Nasir kabla ya adhana ya magharibi ili wafuturu. Nilitoka shule saa kumi na moja na nusu, mvua ikininyeshea, mitihani ya watoto tisini na wanne imefungwa ndani ya karatasi ya nailoni kifuani. Nilipofungua mlango nikakutana na harufu ya kuku. Shemeji yangu Wepukhulu, mdogo wa Khisa, alikuwa amenyoosha miguu kwenye kochi. Alikuwa ameleta mahindi ya kuuza kutoka Tongaren, foleni ya malori kwenye ghala la nafaka imemshinda, akaamua alale kwetu.

"Shemeji, hiyo kuku ni ya mama," akasema kwa furaha, kwa lafudhi yake ya kwao. "Ati nikuretee. Nirichinja mapema, nikaona wewe unachelewa."

Ivy alikuwa ameshamnyonyoa na kumkatakata, na sufuria ilikuwa inachemka. Nilitaka kumgombeza Wepukhulu, lakini utamgombeza vipi mtu aliyekuletea jogoo wa mama mkwe? Yeye hakujua sheria zetu. Nikapanga kichwani. Ndengu nilizoloweka asubuhi nitazipika haraka, hizo ndizo za Mama Nasir. Kuku ataliwa kwetu na kwa Edah. Nilipanga vizuri kabisa, na nataka ieleweke hivyo. Nilizipika hizo ndengu. Nilizitia karoti.

Kisha Derrick akamwaga chai juu ya mitihani. Nikaanza kupangusa karatasi moja moja huku nikigeuza ugali, na Wepukhulu akiniuliza chumvi iko wapi, na saa ikikimbia. Nilipotazama nje giza lilikuwa linaingia. Nikachukua hotpoti zangu, ya buluu ya kumpelekea Mama Nasir na nyekundu ya kumpelekea Edah, nikapakua kama nilivyopakua kila Jumanne kwa karibu miaka miwili, sufuria moja, upawa mmoja, paja huku, kifua huku. Nikakimbia uani kwenye mvua.

Mama Nasir alinifungulia akiwa na tende mkononi. "Wacha wee, inanukia!" akasema. "Mungu akubariki, Mama Ivy. Leo sina hata nguvu ya kumeza mate."

Adhana ikaanza. Nikaona nimefika kwa wakati, nikajisifu moyoni. Mungu anisamehe, nilijisifu.

Nyumbani nilimpa Wepukhulu firigisi yake kama mila inavyotaka, nikaketi. Nilikuwa nimekula matonge mawili Ivy akauliza, "Mama, na hizi ndengu zote ni za nani?"

Sufuria ya ndengu ilikuwa palepale kwenye jiko, imejaa, haijaguswa.

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Edah aliingia wakati huohuo kushukuru kwa kuku, akaniona nilivyo, nikamweleza. Akafunga mlango.

"Sasa uende umwambie nini?" akanong'ona. "Hajui, si ndio? Funika kombe mwanaharamu apite, bana. Ukienda utaharibu tu. Na zamu iishe. Wewe unaweza bila zamu?"

Siwezi. Hilo ndilo lililonitia hofu, na sioni haya kulisema. Nilifikiria maharagwe yaliyoungua kabla sijafikiria dini ya mtu. Lakini nilifikiria pia yule mwanamke akisema Mungu akubariki, na kuku yule mkononi mwake. Ningepokeaje chapati zake kesho? Nikavaa koti.

"Shemeji, kwani kosa ni ripi?" Wepukhulu akauliza. "Kuku si ni kuku?"

"Kula firigisi yako unyamaze," nikamwambia.

Niliwakuta wamemaliza. Daud alikuwa anafyonza mfupa wa shingo. Nikasema nikiwa nimesimama, maana nilijua nikiketi sitasema. Nikasema kuku yule alichinjwa na shemeji yangu, na nilijua, na niliwapikia ndengu, na nikapakua kuku.

Daud aliweka mfupa chini. Akatoka nje, nikasikia akisukutua kinywa kwenye mfereji, akisukutua tena.

"Tulikula bila kujua," Mama Nasir akasema polepole. "Asiyejua hana kosa, Mwenyezi Mungu anaona. Na najua kuna wengine wangesema hili na lile. Sisi hapa hatuli, na wewe unajua hatuli. Mimi sikuulizi habari ya dhambi. Nakuuliza wewe. Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mtu anajua halafu anasahau?"

"Nilichoka, Mama Nasir."

Akaanza kukusanya vyombo. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kushona mchana kutwa bila maji. Hapo niliona jibu langu lilivyokuwa dogo, na lilikuwa limeshatoka.

"Haya," akasema. "Lala salama, mwalimu."

Hakuniita Mama Ivy.

Asubuhi nilikuta hotpoti ya buluu kwenye kizingiti. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, kifuniko kimegeuzwa. Niliifungua nikatazama ndani. Hakukuwa na kitu. Hata pera. Nilisimama nayo mlangoni hadi Derrick akaniambia nimechelewa, na nililia njiani hadi karibu na lango la shule, kisha nikajifuta kwa sababu watoto tisini na wanne hawataki kujua umelia.

Siku nzima nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia Wepukhulu, aliyeondoka alfajiri akinitakia baraka. Nilimkasirikia Khisa kwa kuwa Bungoma. Nilikasirika hata na Mama Nasir, nikajiambia kuku mmoja hawezi kufuta miaka miwili, kisha nikajionea aibu, maana ni mimi niliyemwekea huyo kuku mkononi kwa futari. Hasira ikichoka inabaki huzuni, na huzuni haina haraka.

Jioni nilirudi nikakaa kwenye kiti cha karibu na jiko. Sikuliwasha. Ndengu za jana watoto walikuwa wamezimaliza mchana. Kulikuwa na unga, kulikuwa na sukuma wiki nyuma ya nyumba, ningeweza kupika kwa nusu saa. Lakini siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Jumatano si zamu yangu. Nikiwasha jiko, nimekubali kwamba imekwisha.

"Mama," Derrick akasema, "mbona Mama Nasir hajaleta?"

"Soma kitabu chako."

Adhana ikalia. Kwa kawaida wakati wa Ramadhani chakula chetu kilitangulia adhana, maana alipenda sote tule kwa wakati mmoja. Nikasikia sahani zikigongana kwao, ng'ambo ya uani. Wanafuturu. Edah alichungulia mlangoni, akaona jiko limepoa, akatingisha kichwa. "Nilikwambia," akasema, "mimi naenda kununua mkate." Nilisahihisha mitihani saba. Alama za mtoto mmoja nilizijumlisha mara tatu na mara zote tatu nikapata jibu tofauti. Ivy hakuuliza kitu. Alichukua kikapu kimyakimya akatoka kuchuma sukuma, na hilo liliniuma kuliko angeuliza.

Nikainuka nikachukua kiberiti. Njiti ya kwanza ilikuwa na unyevu. Ya pili ikashika.

Mlango ukagongwa. Njiti ikaniunguza kidole, nikaiangusha kabla haijagusa jiko.

Mama Nasir alikuwa amesimama nje, sufuria mikononi, ameishika kwa ncha za leso kama siku ile ya maharagwe. Hakuingia. Ndani ya sufuria kulikuwa na ugali na kabeji, basi. Kabeji bila hata nyanya. Katika miaka miwili hakuwahi kutuletea chakula cha namna hiyo. Alikuwa na uzi mweusi umenasa kwenye nywele za mbele, nafikiri alitoka kwenye cherehani moja kwa moja hadi jikoni.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Bado nina hasira na wewe. Daud naye ana hasira. Nimeshinda siku nzima nikisema sipiki, sipiki, akome."

"Una haki, Mama Nasir."

"Lakini leo ni Jumatano."

Nikanyoosha mikono yote miwili.

Alinikabidhi sufuria. Ilikuwa ya moto na nzito. Akageuka kwenda, kisha akasimama kwenye maji ya uani bila kunitazama.

"Mimi pia nilichoka leo, Mama Ivy," akasema. "Lakini sikusahau."

Akaenda kuchukua ya Edah ampelekee.

Niliwaita watoto. Ugali ulikuwa mbichi katikati na kabeji haikutiwa chumvi. Tulikula wote ukaisha. Kisha nikaosha sufuria yake, nikaikausha vizuri, nikatoka na taa uani kuangalia kama mpera ulikuwa bado na matunda.